Nimejaribu seti ya kutengenezea maua ya karatasi: chukua roli na tepu, hayo mengine acha

Nianze na hesabu. Seti niliyoagiza kwa simu kutoka Nairobi imenitoa shilingi 3,200, juu yake 350 za kifurushi, kwa basi mpaka Mokowe kisha boti mpaka hapa Lamu. Ndani mlikuwa na roli nne za krepu nzito (nyekundu, nyeupe, zambarau na kijani), waya wa aina mbili, tepu ya kijani, kichupa cha gundi na kijitabu cha picha. Mpwa wangu alikuwa anaolewa, nami nilitaka maua ya kupambia kiti cha bi harusi, yasiyonyauka kabla wageni hawajafika. Mimi ni fundi wa cherehani huku Langoni, mkasi si mgeni mkononi mwangu. Nikajiambia kazi hii ni ya jioni mbili. Ilinila wiki tatu.

Karatasi yenyewe ndiyo iliyonitoa ushamba. Krepu tuliyoizoea, ile ya kupambia madarasa siku ya kufunga shule, ukiivuta inachanika. Hii ni ya Italia, gramu 180 kwa mita mraba, roli ya sentimita 50 kwa mita 2.5, na mikunjo yake ni mikubwa hata unaisikia kwa kidole. Ukiivuta inatanuka na kubaki pale pale ulipoiachia. Unashika petali katikati kwa vidole gumba viwili, unasukuma taratibu kwenda pembeni, inafanya tumbo kama kijiko. Ukingo wa juu unauviringisha kwenye kijiti cha mshikaki, unajipinda kwa nje kama waridi lililokwisha kufunguka. Petali ya kwanza iliponitokea sawa nilimwita mume wangu aje aione. Akasema nzuri, akauliza chakula.

Kosa langu la kwanza ni la kifundi. Nimezoea kubana kitambaa, nipange vipande nisipoteze hata inchi, na krepu nikaipanga vivyo hivyo, petali nyingine zimesimama, nyingine zimelala. Zile zilizolala, ambazo mikunjo yake ilipita kwa upana, zilikataa katakata kufanya tumbo. Nilipozivuta zilirefuka zikawa kama ndimi. Petali ishirini na saba nikawapa watoto. Anayeshona atanielewa nikisema ni mambo ya uzi wa kitambaa: mikunjo lazima itoke chini ya petali iende juu. Kijitabu hakikusema neno juu ya hilo.

Kosa la pili ni la maji. Nilikuwa nimetoka kutawadha, mikono haijakauka vizuri, nikashika roli nyekundu. Viganja vikawa kama nimetiwa hina, na petali nyeupe zilizokuwa mezani zote zikapata madoa. Rangi ya krepu hutoka kwa unyevu kidogo tu, kwa hiyo hata gundi itie kiduchu, kwa njiti. Tena wakati wa upepo wa kusi, mvua ikinyesha na hewa ikiwa nzito, petali hulegea zenyewe usiku. Nikajifunza kuyafungia maua kwenye ndoo yenye kifuniko.

Kijitabu kina kiolezo kimoja cha petali ya waridi, ukate thelathini sawasawa. Nilikifuata nikapata kabichi jekundu. Basi nikaomba waridi moja kwa jirani, nikalipambua juu ya kanga, petali moja moja kwa mpango wake. Za ndani ni ndogo na zimebanana, za nje ni pana, ukingo wake umebonyea kidogo katikati, na shina la kila petali limepauka kuelekea manjano. Chini kuna vijani vitano, havilingani. Nikachora violezo vyangu vitatu kwenye boksi la viatu. Shina la petali nililipaka chai ya rangi iliyokolea, nikaacha ikauke, kisha nikapitisha vumbi la chaki ya njano kwa kidole. Petali mbili za nje nilizikunjakunja makusudi zionekane zimechoka. Hapo ndipo jirani yangu alipoinama kunusa.

Gundi ya kichupa ni maji matupu, nilinunua ya mbao dukani. Waya mwembamba haubebi kichwa cha waridi, na hewa yetu ya bahari iliutia kutu nikingali nafanya kazi. Tepu ni nzuri, ila usidhani ni mbovu ikikataa kushika: mpaka uivute ndipo nta yake inashika.

Kama hujawahi kabisa, anza na bugenvilia, usianze na waridi. Lile ua linafanana na karatasi tangu kuumbwa kwake. Hizo tunazoziita petali ni majani matatu yenye rangi, na maua yenyewe ni vile vidogo vyeupe katikati. Zambarau ya seti hii ililikubali sana.

Asumini ndiyo iliyonitesa, kwa udogo wake. Niliichovya kwenye nta ya mshumaa, sufuria ndogo ndani ya sufuria ya maji ya moto, ikapata ule unene wa ua bichi. Nikafunga shada, nikampelekea bibi. Akaliweka puani.

"Mwanangu, hili lina nini?"

"Ni karatasi, bibi."

"Najua ni karatasi, macho ninayo. Nakuuliza linanukia nini."

Nikarudi nalo nyumbani, nikalifukiza udi kwenye chetezo kama tunavyofukiza nguo, juu juu nta isiyeyuke. Harufu ikashika, si haba. Bibi akanusa tena, akanyamaza kitambo.

"Haya, kwenye kiti tia yako," akasema. "Lakini kikuba cha mtoto, jioni niletee asumini mbichi na mrehani, nitafunga mwenyewe."

Nikaenda kuzitafuta.