Omron M2: kipimo cha presha kwa aliyepandikizwa figo

Tangu upandikizaji wa figo uanze Muhimbili mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka uliofuata, mgonjwa wa Mbeya hufanyiwa upasuaji mbali kisha akarudi kuishi mbali na kliniki yake. Presha ni jambo analoweza kulifuatilia mwenyewe nyumbani. Kupanda kwake kunaweza kutokana na takrolimasi (dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo), na mshipa wa figo mpya uliosinyaa, au na mwili kuanza kuikataa figo.

Kwa kazi hiyo M2 inatosha. Inafungwa mkono wa juu, inatumia betri nne za AA (umeme ukikatika huna shida), na inahifadhi vipimo 30. Zile za kifundo cha mkono ziacheni dukani. Ukishusha au kuinua mkono kidogo tu, namba inabadilika.

Kasoro yake kubwa ni kitambaa. Kinafaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, basi. Prednisoloni, dawa nyingine ya kuzuia mwili usiikatae figo, hunenepesha, na mkono wa sentimita 35 ukibanwa na kitambaa hicho utaonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Kabla ya kulipa, pima katikati ya bega na kiwiko kwa tepu ya fundi cherehani.

Aliyekuwa akisafishwa damu asifunge kamwe mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili damu isafishwe. Atumie ule mwingine.

Namba za ajabu mara nyingi ni za mpimaji. Asubuhi ya Julai, Uyole, Mbeya, watu hufunga kitambaa juu ya sweta, au hukunja mkono wa sweta hadi ukabana kama kamba. Vua mkono mzima. Baridi yenyewe hupandisha presha, kwa hiyo pasha chumba moto kwanza, lakini jiko la mkaa lisiwe ndani. Kojoa, kaa dakika tano ukiegemea kiti, miguu sakafuni bila kupishanisha, mkono mezani usawa wa moyo, kimya. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni. Andika zote mbili daftarini pamoja na tarehe. Daktari hataki ile nzuri peke yake.

Lengo la wengi waliopandikizwa ni chini ya 130/80, ila lako lipangwe na daktari wako. Ikizidi hapo siku tatu mfululizo, piga simu kliniki. Ikifika 180/120 na kichwa kinauma sana, kifua kinabana au macho yana ukungu, usisubiri simu, nenda hospitali.

Mashine hii haioni kreatinini, ile taka ya damuni inayoonyesha kama figo inafanya kazi. Unaweza kusoma 124/78 huku figo inaharibika, hivyo tarehe ya kupima damu haiahirishwi kwa sababu daftari linapendeza. Na asubuhi ya kipimo cha takrolimasi, dozi ibebe mfukoni. Imeze damu ikishatolewa.