Uzoefu wangu na Of Mice and Men, kitabu cha sauti

Nimekisikiliza kitabu hiki cha John Steinbeck, kilichotoka mwaka 1937, katika toleo linalosomwa na Gary Sinise. Kwa yeyote anayeishi kambini mbali na kwao kwa ajili ya kazi, nakipendekeza kwa moyo wote. Ni kifupi, takriban saa tatu tu. Na Sinise hii hadithi anaijua: mwaka 1992 aliiongoza kama filamu na yeye mwenyewe akamwigiza George.

George Milton na Lennie Small ni vibarua wanaohama shamba hadi shamba huko California, miaka ile ya mdororo wa uchumi. Lennie ana nguvu za fahali na akili ya mtoto. George kutwa anamlalamikia, lakini hamwachi. Steinbeck alizaliwa Salinas, na maisha ya kibarua aliwahi kuyaishi, ndiyo maana bweni la ranchi analieleza kama mtu aliyelala humo. Kila kitanda kina sanduku la tufaha lililopigiliwa ukutani, la kuwekea sabuni, wembe na dawa. George anapofika tu, anakuta kopo la dawa ya wadudu ndani ya sanduku lake na kuanza kumhoji mzee aliyemwonyesha kitanda: aliyelala hapa alikuwa na chawa? Mimi nafanya kazi ya ulinzi Doha, tunalala chumba kimoja watu kadhaa, na sijui mgeni yeyote aliyeingia kwetu bila kuinua godoro kwanza.

Kilichonishika zaidi ni ile habari ya shamba. Usiku George humsimulia Lennie watakavyonunua ekari zao, wafuge sungura na ng'ombe, wasiamrishwe na mtu. Lennie anaijua yote kwa moyo, bado anaiomba tena. Ukisoma kwa macho unaweza kuipita haraka. Ukisikiliza, unaona sauti ya George inavyobadilika, inakuwa nzito na ya mwendo mmoja, kama mtu anayeomba dua. Kisha mzee Candy, aliyekatika mkono pale pale ranchi na kulipwa dola 250, anadakia: ana akiba, achukuliwe naye. Shamba linauzwa dola 600. Mshahara ni dola 50 kwa mwezi. Ghafla hesabu inakaribia kutimia, na wote watatu wananyamaza, wanatazamana. Hapo nilisimamisha kitabu kwenye simu. Chumbani kwetu pia kila mtu ana kiwanja chake anachokizungumzia, na siku mtu anapotaja bei na kiasi alichokwisha kutuma nyumbani, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Yupo pia Crooks, mtunza farasi Mweusi mwenye mgongo uliovunjika kwa teke la farasi. Bwenini haruhusiwi, analala peke yake na vitabu vyake katika chumba cha matandiko ya farasi. Kwanza anawacheka: amewaona mamia wakipita na shamba kichwani, hakuna hata mmoja aliyelipata. Muda mfupi baadaye anaomba afanye kazi humo bila mshahara, apewe chakula tu. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya kitabu, na inauma kusikiliza anavyolirudisha ombi lake baada ya kutishwa na mke wa Curley, huyo Curley akiwa mtoto wa kiume wa bosi. Jueni kwamba matusi ya ubaguzi yamejaa humo, kama yalivyosemwa enzi hizo, kwa hiyo msiyafungulie spika mbele ya watoto.

Lawama yangu moja: huyo mke wa Curley hapewi hata jina. Naye ni mpweke, naye alikuwa na ndoto yake ya kuigiza filamu, lakini tunamsikia vizuri pakiwa pamekwisha kuchelewa. Nilitaka zaidi.

Kiingereza chake ni cha vibarua wa zamani, maneno yamekatwakatwa. Kwenye karatasi macho yanajikwaa, ila sikio linayazoea haraka. Kama Kiingereza chako ni cha kawaida, fuatisha na kitabu chenyewe mkononi katika sehemu ya kwanza, halafu endelea bila hicho. Mwisho siutaji. Usiufikie ukiwa zamuni; subiri siku ya mapumziko.