Mikrobayolojia ya mwaka wa kwanza: maoni yangu kwa mnaotafuta chuo

Nimemaliza moduli ya mikrobayolojia ya utangulizi, yaani somo la vijidudu, kwenye diploma ya maabara, chuo kimoja cha afya hapa Dar ambacho jina sitataja, na kwa vile dirisha la maombi likifunguliwa tu watu wanaanza kuulizana chuo gani kizuri nimeona niandike kwa kirefu, maana mimi wakati natafuta nilikuta sifa za majengo na hosteli na wifi, hakuna hata mmoja aliyesema ndani ya maabara kunafanyika nini. Nianze na jibu kabisa: kozi ni nzuri sana na nimeipenda kutoka moyoni, ila uzuri wake wote uko maabara. Chuo ambacho mikono yako haigusi slaidi hata kama wana profesa kumi usiende, utatoka na madesa mazito na cheti na siku ya kwanza fildi hospitali itakuumbua.

Nadharia sina mengi ya kusema. Aliyetufundisha ni madam mmoja aliyefanya kazi maabara ya hospitali ya mkoa miaka mingi kabla hajaingia kufundisha na unaiona kabisa hiyo tofauti, hasomi tu yaliyopo kwenye projekta, kila bakteria anakupa na mgonjwa wake. Historia alipita haraka ila alitushtua aliposema Robert Koch, yule aliyetangaza mdudu wa TB mwaka 1882, aliwahi kufanya kazi hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 enzi za Wajerumani, halafu 1906 akarudi upande huu akaenda visiwa vya Sese ziwa Victoria kwa ajili ya malale, na dawa aliyowapa watu kule, atoksili, yenye aseniki ndani, iliwapofusha baadhi yao. Madam alitaka tujue yote mawili, ukubwa wa kazi yake na madhara waliyopata watu wa kule, na mimi namheshimu kwa hilo.

Sasa pratiko. Ya kwanza kabisa ni kupika midia, yaani chakula cha kuoteshea bakteria, unapima unga wa agari kwenye mizani, unachanganya na maji, unachemsha, unaingiza kwenye otoklevu, mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, nyuzi 121 kwa dakika 15, ikipoa kidogo unamimina kwenye sahani za petri karibu na moto wa bana ya gesi. Watu wengi waliona hii kazi ya kitoto wakaenda kukaa nyuma, wakakosa, kwa sababu midia ikiharibika hapo kila kitu kinachofuata ni uongo. Na hapo ndo nilijua kwamba zamani maabara ya Koch walikuwa wanatumia jelatini, ambayo ikipata joto inayeyuka na kuna bakteria wanaila kabisa, mpaka mwaka 1881 Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti wa pale, akapendekeza agari aliyokuwa anaitumia jikoni kwake. Agari ikishaganda inakaa nyuzi 37 bila kuyeyuka, ndo maana mpaka leo tunaitumia. Mwenzetu mmoja wa Jambiani akauliza kama ni mwani ule ule mama zake wanaolima, akaambiwa hapana, mwani wa Unguja unatoa karajinani inayoingia kwenye dawa ya meno na vyakula, agari yenyewe inatokana na Gelidium na Gracilaria. Nilipenda kwamba swali lake lilijibiwa kwa heshima, vyuo vingine ukiuliza kitu nje ya silabasi unaambiwa kaa chini.

Halafu ikaja steini ya Gram, njia ya rangi inayogawa bakteria makundi mawili, Gram chanya wanaobaki zambarau na Gram hasi wanaogeuka pinki, na hapa naomba nikae kidogo maana hii ndo pratiko ya kumpimia mwanafunzi, na chuo pia. Unapaka sampuli kwenye slaidi, nyembamba, unakausha, unapitisha juu ya moto ishike. Kristali vayoleti, rangi ya zambarau, dakika moja, suuza. Ayodini dakika moja, suuza. Kisha asetoni na alkoholi na hapo ndo pagumu, ni sekunde chache tu, ukizidisha hata Staphylococcus anapoteza zambarau yake anageuka pinki na wewe unaandika Gram hasi, ukipunguza kila kitu kinabaki zambarau na E. coli anaonekana Gram chanya. Mwisho safranini, rangi ya pinki, suuza, kausha, tone la mafuta, lenzi ya 100. Kwenye karatasi inaonekana rahisi na kila mtu anaikariri vizuri kwenye testi, ila ukipewa slaidi ndo unajua kwamba upakaji mzito unakudanganya na koloni, yaani kile kifungu cha bakteria kinachoota kwenye sahani, iliyokaa siku nyingi nayo inakudanganya, kwa sababu ukuta wa bakteria wa Gram chanya ni mnene na ndo unaoshikilia rangi, akizeeka ukuta unachoka na rangi inatoka. Hakuna desa litakalokufundisha hiyo sekunde ya kusimamisha asetoni, ni jicho na mkono na kurudia. Hans Christian Gram aliitoa hii njia mwaka 1884 na leo hii mgonjwa mwenye homa ya uti wa mgongo maji yaliyotolewa mgongoni mwake yakifika maabara bado ni kitu cha kwanza kufanyika, na daktari wodini anasubiri jibu lako aanze dawa. Ukishalielewa hilo hutaki tena kudesa ripoti ya mwenzako.

Na hapa ndo malalamiko yangu makubwa. Hadubini hazitoshi. Tunakaa kundi zima kwenye hadubini moja, anayejua anakaa kwenye kiti, wengine tunachungulia kwa zamu na kusema nimeona nimeona hata kama hujaona, na nusu ya hizo zilizopo lenzi ya mafuta ina ukungu kwa sababu hakuna anayeifuta baada ya kutumia. Wasichana wengi walikuwa wanaishia kuandika ripoti huku wavulana wanashika vifaa, mpaka teknishani wetu, kaka mmoja mpole sana, akaanza kutuachia maabara wazi jioni tukarudi wenyewe kufanya tena. Bila huyo kaka nisingejua kitu, na hiyo haitakiwi kutegemea roho nzuri ya mtu mmoja, ni haki ya mtu aliyelipa ada. Umeme nao. Unaweka sahani zako kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria, saa tisa alasiri, zinatakiwa zikae nyuzi 37 mpaka kesho yake, usiku umeme unakatika, jenereta inawashwa kwa ajili ya ofisi na hosteli, inkubeta inapoa, asubuhi unakuta koloni ndogo kama vumbi na rangi hazijatokea, unaandika matokeo ambayo hayaeleweki. Uongozi tuliwaambia, wakasema watalifanyia kazi, mpaka namaliza halikufanyiwa.

Usalama wanajitahidi kwenye kuta, mabango yapo ya kutosha. Kinachofanyika ni kingine, watu wanatoka maabara na makoti yao wanaenda nayo kantini kula chipsi, simu iko mezani pembeni ya sahani za bakteria halafu inaenda sikioni. Hili linaniuma kwa sababu tulishafundishwa wazi kabisa kilichotokea Marekani, kuanzia 2010 mpaka 2011, watu 109 kwenye majimbo 38 waliugua Salmonella na mmoja akafariki, wachunguzi wakafuatilia wakakuta inahusiana na maabara za mikrobayolojia, zikiwemo za kufundishia wanafunzi, na kati ya walioumwa walikuwemo watoto wadogo ambao hawajawahi kukanyaga maabara, wanaishi tu nyumba moja na mtu anayesoma au kufanya kazi humo. Sasa fikiria nyumba zetu hizi za kupanga, vyumba vimebanana, watoto wa jirani wanakuja kukushika koti. Kama chuo kinajua hilo na kinalifundisha basi kiweke ndoano za makoti mlangoni na mtu wa kusimamia.

Ila nikikumbuka zoezi la mwisho nasahau kero zote. Kila kundi linapewa chupa yenye namba tu, ndani kuna bakteria wawili wamechanganywa, kazi yenu muwatenganishe na muwataje. Yetu tuliichora, yaani tuliitandaza kwa mistari, kwenye agari ya kawaida kesho yake tukakuta sahani nzima imefunikwa na utando wa mawimbi, hakuna koloni hata moja iliyosimama peke yake, na harufu kali. Tukahamia agari ya MacConkey, ile yenye chumvi za nyongo zinazowazuia Gram chanya, yule wa mawimbi akatulia akatoa koloni zisizo na rangi, maana yake hatumii laktosi, sukari ya maziwa. Tukafanya vipimo vya kemikali, yureasi ikawa pinki haraka, indoli haikutoa pete nyekundu, jibu Proteus mirabilis. Yule wa pili tukamtafuta kwenye agari ya manitoli yenye chumvi asilimia 7.5 ambayo mwenzake haimudu, akatoka wa njano, tukaweka haidrojeni paroksaidi povu likaja, tukaweka kwenye plazma ya damu ikaganda, jibu Staphylococcus aureus. Tulipiga kelele mpaka darasa la pembeni wakaja kuangalia. Ile hisia ya kuanza na maji meupe machafu na kumaliza na majina mawili unayoweza kuyatetea kwa ushahidi sijawahi kuipata kwenye somo lolote.

Wiki hiyo hiyo tulifanya kipimo cha diski, njia ya Kirby na Bauer ya mwaka 1966, unatandaza bakteria kwenye agari ya Mueller-Hinton unapanga diski za antibayotiki juu yake, kesho unapima kwa rula duara ambalo bakteria wameshindwa kumea. Kwenye sahani yetu E. coli alikuwa amemea mpaka ukingoni kabisa mwa diski ya ampisilini, hakuna duara, yaani dawa haikumzuia. Tulikaa kimya pale. Kila mtu darasani anamjua ndugu anayenunua amoksilini vidonge vinne duka la dawa akipata nafuu anaacha, na hizo dawa mbili ni za ukoo mmoja. Nilienda nyumbani nikamweleza mama na shangazi na sasa wananikasirikia maana kila wakitaja dawa nauliza nani kaandika, lakini sitaacha.

Virusi tulipita juu juu sana. Ni kweli hadubini zetu haziwaoni lakini nchi ambayo Machi 2023 imethibitisha Marburg Kagera kwa vipimo vya maabara yake ya taifa ya afya ya jamii inatakiwa kumpa mwanafunzi hata siku moja ya kuona mashine ya PCR, ile ya kutambua virusi kwa vinasaba vyao, inavyofanya kazi. Fangasi afadhali. Mtihani wa mwisho ulikuwa wa haki, waliopata sapu wengi ni wale waliokuwa wanakaa nyuma siku za pratiko.

Sasa wewe unayetaka kujiunga, popote pale, kabla hujalipa omba kuingia maabara, na wakikwambia subiri mpaka usajiliwe ondoka. Ukiingia hesabu hadubini ulinganishe na idadi ya darasa, uliza umeme ukikatika inkubeta inakaa kwenye nini, uliza kila mwanafunzi anafanya steini yake mwenyewe au kundi linafanya moja, na angalia otoklevu kama ina dalili ya kutumika au imepambwa kitambaa juu. Ulizia pia pesa ya pratiko maana kwetu ilikuja mbali na ada katikati ya muhula watu wakahangaika, na koti nunueni mawili ya mikono mirefu, moja likifuliwa lingine lipo. Mimi chuo changu nakipa nyota tatu kwa tano, madam na yule kaka teknishani nawapa tano zao kamili, na siku wakileta hadubini za kutosha na kuiunganisha inkubeta na jenereta nitapandisha.