Makopa ya sanaa ya popu: rangi ipi ununue kwanza ukiwa Mwanza

Kama unataka kutengeneza kopa, yaani umbo la moyo, la mtindo wa sanaa ya popu, na fedha uliyonayo inatosha vitu viwili tu, nunua tyubu kubwa ya akriliki (rangi ya wachoraji inayooshwa kwa maji) nyekundu na nyingine nyeusi. Mengine yote hapa chini yanafuata. Nalitanguliza hili kwa sababu watu wengi hutoka dukani na boksi linalovutia la rangi 24, wakifika nyumbani kopa la kwanza linatoka limepauka, michirizi ya brashi imejaa, na hamu yote inaisha siku hiyohiyo. Mikono yao haina kosa lolote. Rangi waliyouziwa ni ya kazi nyingine.

Sanaa ya popu ilichipuka Uingereza miaka ya 1950, ikapamba moto Marekani miaka ya 1960. Ilichota sura yake kwenye matangazo, bidhaa za dukani na vitabu vya katuni. Mwaka 1962 Andy Warhol alichora mikebe 32 ya supu, kila mmoja kwenye kanvasi yake, na rangi aliyoitegemea ilikuwa akriliki. Roy Lichtenstein alijaza picha zake vitone kama vya mashine ya kuchapia. Robert Indiana alipanga herufi nne za LOVE, mbili juu na mbili chini, O ikiwa imeinama. Na Jim Dine amekuwa akirudia umbo la kopa tangu miaka hiyo ya 1960, kila mara kwa rangi tofauti. Wote hao hawafanani, lakini kwa anayetaka kutengeneza kopa la kutundika sebuleni Nyegezi au Buzuruga, somo la kuchukua ni moja: rangi iliyokolea, iliyolala bapa, yenye ukingo mkali. Kwa hiyo ukiwa dukani uliza kwanza kama rangi inafunika. Idadi ya rangi ndani ya boksi isikusumbue.

Njia ya kujua ni rahisi. Nenda na kipande cha gazeti, umwombe muuzaji akupakie tone dogo juu ya maandishi. Likikauka, pakeni tena. Kama herufi bado zinasomeka baada ya mikono miwili, yaani kupakwa mara mbili, rudisha. Muuzaji anayeijua bidhaa yake hatakukatalia.

Ya kwanza: akriliki ya tyubu

Inakauka haraka, brashi inaoshwa kwa maji, na ikishakauka hairudi kuyeyuka ukipaka rangi nyingine juu yake. Hili la mwisho ndilo linaloipa nafasi ya kwanza, maana kopa la popu hujengwa kwa tabaka: rangi ya chini, vitone, kisha mstari mweusi. Maduka ya vifaa vya shule na ofisi katikati ya jiji huwa nayo mara nyingi kwa namna mbili, boksi la tyubu ndogo au tyubu kubwa mojamoja. Piga hesabu kabla ya kulipa. Boksi la tyubu 12 za mililita 12 lina mililita 144 kwa jumla, tena ndani yake kuna kahawia na kijani kibichi cha majani ambazo pengine hutazigusa. Tyubu tano za mililita 75 zinakupa mililita 375 za rangi unazozihitaji kweli: nyekundu, njano, buluu, nyeupe na nyeusi. Waridi utaipata kwa nyekundu na nyeupe, chungwa kwa nyekundu na njano.

Nyekundu na njano ndizo zinazowasumbua watu zaidi, hata za akriliki nzuri, kwa sababu nyingi zinapenyeza mwanga. Ukizipaka moja kwa moja juu ya kipande cha boksi la kahawia zitaonekana chafu. Tanguliza nyeupe, iache ikauke, ndipo upake nyekundu mikono miwili myembamba. Mkono mmoja mzito huacha mabonde. Kwenye tyubu za wachoraji mara nyingine utaona kijimraba: kilichojazwa maana yake rangi inafunika, kilicho kitupu maana yake inapenyeza.

Ya pili: rangi ya maji ya ukutani

Kwa mwenye watoto kadhaa, au mwalimu mwenye darasa zima, hii ndiyo inayookoa. Kopo la lita 1 la nyeupe kutoka duka la vifaa vya ujenzi litatanguliza makopa mengi mno, na linafunika boksi vizuri kuliko nyeupe ya tyubu. Halina mng'ao, jambo ambalo mimi nalipenda kwa rangi ya kutanguliza.

Usitegemee kupata nyekundu kali humo, lakini. Ukichanganya kichupa cha kukolezea ndani ya rangi nyeupe utapata waridi, na kadiri unavyoongeza ndivyo rangi inavyozidi kuwa majimaji na kuchelewa kukauka. Basi nyeupe inunue ya ukutani, nyekundu inunue ya tyubu. Nikiulizwa na mtu mwenye bajeti ya kawaida, mchanganyiko huu ndio ninaoupendekeza kwa moyo mweupe.

Ya tatu: manila za rangi na gundi

Hazihitaji kukauka, hazina michirizi, na ukingo wa mkasi ni mkali kuliko wa brashi. Kata makopa manne yaliyo sawa, yabandike mawili juu mawili chini, kila moja na usuli wa rangi tofauti, na tayari unayo picha ya kurudiarudia kama wafanyavyo wasanii wa popu. Ubaya wake ni kupauka zikikaa karibu na dirisha lenye jua.

Ya nne: rangi za vichupa za shule

Zinafunika kiasi, zinafaa wadogo. Kidole chenye maji kikizigusa baada ya kukauka, zinatoka.

Ya tano: rangi ya mafuta

Naiweka chini kwa sababu ya nyumba, maana uzuri wake hauna ubishi. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi hii hii inayong'aa juu ya hadibodi, na mtindo uliobeba jina lake bado unapendwa. Mng'ao wake unalifaa kopa kuliko rangi yoyote niliyoitaja. Lakini inahitaji tapentaini au thina, harufu yake ni kali, na huchukua saa nyingi kukauka, hasa masika hewa ya ziwa inapokuwa nzito. Itumie barazani, si chumbani, na watoto wakae mbali. Soma kopo kabla ya kununua: liwe limeandikwa kwamba rangi haina madini ya risasi. Kopo lisilo na maandishi yoyote, liache hapo hapo.

Rangi za vidonge za kuchovya brashi na kalamu za rangi sizipangi kabisa. Zimetengenezwa ili karatasi ionekane kupitia rangi, na kopa la popu linataka kinyume chake.

Vya kuongezea

Kwa ubao, waombe mafundi seremala mabaki ya hadibodi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa), mara nyingi huuza kwa bei ndogo. Boksi la kawaida huonyesha mistari ya ndani na hujikunja likilowa, kwa hiyo lipake nyeupe pande zote mbili, kisha uliweke chini ya vitabu vizito.

Kwa vitone, usinunue kitu maalumu. Chukua faili la plastiki, ulikate vipande virefu vyembamba, utoboe kwa pancha ya ofisini kwenye ukingo. Matundu yake ni ya milimita 6, ukubwa unaolifaa kopa la upana wa sentimita 30 hivi. Gongagonga kwa sponji iliyo karibu kukauka, sogeza kipande chini kidogo, rudia. Sponji ikilowa sana rangi itapenya chini ya plastiki.

Brashi mbili zinatosha: bapa ya inchi 1 ya kujazia, na nyembamba ya ukingo. Mstari mweusi wa kuzungushia unaweza kuupiga kwa maka peni isiyofutika, mradi rangi ya chini imekauka hadi kesho yake. Ukiwahi, ncha ya maka itabeba rangi na itaziba.