Ofisi ya kukodi dawati Mwanjelwa: kila kitu fresh ila lile daftari la getini

Nimekaa hapa miezi kadhaa sasa kwa hiyo naona nina haki ya kuongea. Ni ofisi ya kukodi dawati, ghorofa ya pili upande wa Mwanjelwa hapa Mbeya, jina silitaji maana nina lawama zangu na mwenye nayo tunasalimiana kila asubuhi. Mi naandika programu, bosi yuko Dar, mimi nikarudi zangu Mbeya nilipochoka foleni, sasa nyumbani kuna watoto watatu wa dada na majogoo ya jirani, mkutano ukianza tu na wao wanaanza.

Siku ni elfu saba, mwezi laki na ishirini. Chai ya maziwa bure asubuhi, maandazi unanunua, viazi vya mama wa pale chini ndo usipime.

Kilichonishika ni baridi. Julai ya Mbeya hamuijui nyie wa Dar, nimewahi kukaa ofisi nyingine unaandika kodi (hii ya kompyuta sio ya TRA) vidole vimekufa ganzi, herufi moja unaipiga mara mbili halafu unatafuta kosa nusu saa. Hapa madirisha yanaziba kweli. Na wana inverta, umeme ukikatika taa zinapepesa tu mnaendelea, ukiwa katikati ya kuhamisha data ya mteja utaelewa kwa nini nimewapa nyota kwa hilo peke yake.

Intaneti ni faiba, iko vizuri mpaka saa tisa hivi wakija wanachuo wengi. Niliijaribu kwa kufungua mradi mpya nikapiga npm install (amri ya kushusha vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine) nikaenda kunywa chai. Hapa niseme la moyoni, hivi kweli ukurasa wa kuingiza jina na neno la siri unahitaji maelfu ya mafaili ya watu usiowajua? Kwa bando la simu hiyo ni hela ya mboga. Vijana wa MUST, chuo cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, wananicheka eti kaka bado unaandika PHP, lugha ya programu wanayoiona ya kizamani, naandika ndio, mwenye duka la pembejeo Uyole anataka stoku na risiti, hajawahi kuniuliza nimetumia nini na analipa kwa wakati kuliko kampuni zenye ofisi za vioo.

Wanafunga saa mbili usiku, wengine wanalalamika, mi naona ni baraka. Bosi wangu ana tabia ya "samahani kidogo tu" saa nne ya usiku, na anapenda kupandisha toleo jipya Ijumaa jioni halafu seva ikilala anaulizia nani yuko online. Sheria ya kazi ya 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, za ziada zinalipwa mara moja na nusu, ila mkataba wangu umeniandika "mtoa huduma" sio mwajiriwa, neno moja tu hilo na saa zangu za ziada zinaishia hewani. Vijana msome mikataba jamani, msikimbilie kwenye mshahara tu. Siku hizi nikipigiwa nasema ofisi imefungwa, na kweli imefungwa.

Kuna jambo jingine la kuwasifu. Oktoba 29 mwaka 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, imekuja kurudi siku kama tano baadaye na hapo bado kwa kusuasua. Mteja wangu wa nje alidhani nimetoroka na hela yake. Faiba au sio faiba, swichi ikizimwa huko juu hata uwe na inverta kumi utakaa na chai yako. Niliporudi dada wa mapokezi akaniambia "kaka zile siku tumekuongezea mwishoni", sikuomba. Ila kwenye VPN (ile njia ya siri ya kupitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) wanababaika, ukiuliza wanacheka cheka tu. Siwalaumu sana, tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, itoe tangazo Oktoba 2023 watu wazisajili na likataja faini isiyopungua milioni tano, kila mtu anaogopa, wakati sisi wengine bila hiyo seva ya mteja haifunguki.

Sasa daftari. Getini kuna askari na kaunta buku, unaandika jina, simu, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), unaenda kwa nani. Limefunguliwa wazi mezani na kalamu imefungwa kamba, ukiinama kusaini unasoma wote waliotangulia. Binti mmoja wa michoro anayekaa karibu na mimi akaanza kupata meseji usiku, "mambo mrembo nimekuona leo umevaa sweta la kijani". Namba ameitoa wapi? Nikamfuata mwenye ofisi, nikamwambia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023 na tume yake ipo. Akanijibu "mdogo wangu hizo ni za mabenki". Sio za mabenki tu mzee wangu, ukikusanya taarifa za watu inakuhusu, iwe kwenye seva au kwenye kaunta buku ya elfu mbili. Kinachoniuma ni kwamba ghorofani tumekaa watu tunaobishana kuhusu usimbaji wa data mchana kutwa, na wote tumepita pale chini tukaandika NIDA zetu bila kuuliza.

Wiki iliyofuata nikakuta wamekata kipande cha boksi, wametoboa dirisha dogo la mstari mmoja, unakisogeza chini unaandika kwenye mstari wako tu, wa wenzio huwaoni. Limekatwa kwa wembe, lina nembo ya sabuni, na linafanya kazi kuliko mifumo mingi niliyolipwa kuitengeneza. NIDA bado wanaiomba. Mi naandika namba ya risiti yao ya mwezi, askari anaangalia, anasema "sawa kaka, pita".