Daki tatu, hedifoni moja na kaseti za ami

Mimi si fundi wa sauti. Mchana nauza leso na vitambaa, usiku nikirudi Kibokoni, hapa Mombasa, nageuza kaseti za taarabu alizoniachia marehemu ami yangu ziwe faili za kompyuta. Ni zaidi ya mia, nyingi za Juma Bhalo na Zein l'Abdin, nyingine za harusini ambazo hata jina la mwimbaji hakuna aliyekumbuka kuliandika. Nikavaa hedifoni, nikachomeka kwenye laptopu, na nyuma ya udi nikawa nasikia kitu kama nzi aliyefungiwa chupani. Nikisogeza kipanya, nzi yule huzidi kulia.

Nzi hakuwa kwenye kaseti. Ndani ya kompyuta muziki ni namba tupu, na lazima pawe na kitu cha kuzigeuza namba hizo ziwe umeme wa kutikisa hedifoni. Ndicho hicho kiitwacho DAC, nyumbani kwetu twakiita daki. Kila laptopu inayo yake, ila ya kwangu imebanana na mitambo mingine yenye kelele ya umeme, nayo kelele ile inavuja. Dawa ni kutumia daki ya nje.

Ya kwanza niliinunua duka moja upande wa Digo Road.

"Daki iko?"

"Iko, bosi wangu. Hii hapa, na USB inayo."

Shilingi 1,200. Kijisanduku cheusi cha bati, hakina jina la kampuni. Nimefika nyumbani, nimechomeka USB, taa nyekundu ikawaka na mimi nikafurahi. Kompyuta haikukiona kabisa. Nilibadilisha waya, nikazima nikawasha, nikamlaumu mpwa wangu kuwa amechezea mashine. Kumbe USB ile ni ya kukilisha umeme basi! Sauti huingia kwa waya wa mwanga ("optical") au wa koaksia ("coaxial"), ikatokea kwenye matundu mawili ya RCA, jekundu na jeupe. Tundu la hedifoni halipo. Muuzaji hakunidanganya, aliniambia USB inayo, na kweli inayo.

Lakini sikukitupa. Televisheni ya mamangu ina tundu la waya wa mwanga, na spika zake zina RCA. Nikaunganisha, kimya tena. Nilipoingia kwenye mipangilio ya televisheni nikachagua PCM (namba za sauti zikiwa wazi) badala ya Dolby (zikiwa zimefungashwa), sauti ikatoka, maana vijisanduku hivi vya bei ya chini PCM ndiyo lugha yao. Basi kwa kazi hiyo nakisifu, na sifa yake kubwa nitaifikia hapo chini.

Ya pili ni adapta ndogo ya Apple, ile ya USB-C yenye tundu la hedifoni upande wa pili. Marekani wanaiuza dola 9. Ukiitazama utadhani ni kipande cha waya, kumbe daki nzima imo humo. Nikachomeka kwenye laptopu, nikavaa hedifoni zangu za Audio-Technica ATH-M40x, na nzi hayupo! Nilikaa kitako nikasikiliza upande mzima bila kugusa kitu. Mambo mawili uyajue kabla hujalipa. Kwanza, ziko mbili: ya Marekani, A2049, hutoa hadi volti 1, na ya Ulaya, A2155, hutoa nusu yake. Soma maandishi madogo kwenye waya, nunua ya Marekani. Pili, ukiitia kwenye simu za Android mara nyingi sauti hubaki ndogo, kwa kuwa simu haipandishi kiwango cha adapta yenyewe. Kwa kompyuta haina tabu.

Ya tatu ni FiiO E10K, niliyoipata mkono wa pili kwa shilingi 6,500. Hii ni sanduku la alumini lenye kitasa cha sauti mbele, swichi ya kuongeza besi, na nyuma tundu la kupeleka sauti kwenye spika. Kitasa! Baada ya miezi ya kubofya vitufe, kupunguza sauti kwa vidole viwili ni raha peke yake. Namba zake ni biti 24 (urefu wa kila namba ya sauti) na kHz 96 (yaani namba 96,000 kila sekunde), na hizo zanitosha na kubaki. CD ni biti 16 na kHz 44.1, na biti 16 peke yake zina nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na ndogo kabisa. Kaseti ya ami haifiki hata 70. Kwa hiyo ukiona boksi limeandikwa 32 na 384, ukaombwa pesa mara mbili kwa ajili ya namba hizo, rudisha boksi juu ya kaunta.

Sasa, kati ya adapta na E10K, ipi yasikika vizuri zaidi? Mpwa wangu alikuwa akinibadilishia nami nimegeuza mgongo. Duru ya kwanza niliapa E10K ina uhai zaidi. "Mjomba, hiyo ilikuwa juu kidogo tu," akasema. Tukasawazisha sauti, tukarudia, nikaanza kubahatisha. Kwa hedifoni za omu 35 (omu ni kipimo cha jinsi zinavyozuia umeme) kama zangu, sikuweza kuzitofautisha. Mwenye Sennheiser HD 600 za omu 300 hesabu yake ni nyingine, adapta ndogo huenda ikamwishia njiani na E10K ndiyo itakayomsukumia zaidi.

Kwenye spika za mezani nilipata mtihani. E10K imeunganishwa, hedifoni safi, spika zavuma mmm mfululizo. Nikitoa chaja ya laptopu ukutani, mvumo unakatika. Huo si ugonjwa wa daki: ni umeme unaozunguka kati ya chaja na spika kupitia waya wa ardhi, na USB huupitisha kama kawaida. Nilipozichomeka zote kwenye ekstensheni moja ulipungua sana. Na hapa ndipo kile kijisanduku cha 1,200 kinapowashinda wenzake, kwani waya wa mwanga haupitishi umeme hata chembe. Televisheni ya mamangu haivumi.

Kwa hiyo ukiniuliza, tazama matundu ya vyombo vyako kwanza. Hedifoni na laptopu: adapta ya Apple, na pesa iliyobaki weka kwenye hedifoni. Ukiwa na spika pia, na mkono wako wapenda kitasa: E10K. Televisheni: kijisanduku. Na kwa sisi wa pwani, mara moja moja pitisha pamba yenye spiriti kwenye pini, chumvi ya hewa hii haichagui bei.

Jana nilifika kaseti ya 61. Upande wa pili, katikati ya ubeti, kuna mtu anakohoa mara mbili. Nilimvisha mamangu hedifoni. Akaniambia nirudishe nyuma, nikarudisha, akaniambia tena. Yuwaapa ni ami mwenyewe.