Darasa la dansi juu ya duka la nyavu, Kirumba, Mwanza: mwalimu safi, sakafu bado

Mimi ni mshereheshaji. Harusi zangu nyingi ni za Nyamagana na Ilemela, mara mojamoja navuka Kamanga kwenda Sengerema. Kwa hiyo nikisema maharusi wengi wakiitwa kufungua muziki hushikana viuno na kuyumba kama mtumbwi uliofungwa gatini, sikusimuliwa. Kamati za harusi zilipoanza kulitaja darasa hili la dansi ya ukumbini, nikaona nijiandikishe kwanza mwenyewe, ndipo nimpeleke mteja.

Ni ghorofa ya kwanza, juu ya duka la nyavu na maboya, njia ya kwenda mwaloni. Ngazi nyembamba. Upepo ukigeuka, harufu ya dagaa mnaipata bila malipo. Ukumbi unatosha jozi saba au nane, nao wote huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, kama ilivyo kanuni ya dansi hizi popote duniani. Ukienda mwelekeo wako utagongana na watu, na mwalimu hatakuonea haya.

Huyo mwalimu ndiye anayenifanya niandike. Wazee wanamwita mwanangu, watoto wanamwita madamu, na wote anawasahihisha kwa sauti ileile. Alianza akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, kwa mzee mmoja mstaafu wa reli aliyekuwa ameicheza dansi tangu ujana wake Tabora. (Reli ilifika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, na sina shaka haikupakia pamba tu.) Mzee alifundisha watoto barazani kwake jioni. Wavulana walikuwa hawakai, mpira uliwaita. Wakabaki wasichana, na yeye kwa kuwa alikuwa mrefu kuliko wenzake akapangiwa nafasi ya mwanamume. Aliongoza miaka mingi kabla hajawahi kuongozwa. Alipohamishiwa upande wa pili, anasema, ilibidi ajifunze upya kurudi nyuma: kutanguliza vidole badala ya kisigino, na kungoja badala ya kuamua.

Kutoka hapo kuwa mwalimu hakukuwa na sherehe. Kwanza aliambiwa asimame na wageni awahesabie, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Magoti ya mzee yalipochoka, mzee akawa anakaa kwenye kiti na kuelekeza kwa fimbo, yeye ndiye anaonyesha. Halafu akaachiwa daftari lililochorwa nyayo, za kushoto kwa wino mwekundu, za kulia kwa buluu. Daftari hilo bado lipo mezani darasani, na analifungua kweli.

Faida yake utaiona dakika kumi za kwanza. Alikuja bwana harusi mtarajiwa kutoka Igoma, kifua kipana, akimsukuma mchumba wake kwa mikono kama anayehamisha kabati. Mwalimu hakumhutubia. Alichukua nafasi ya mchumba, akakubali kusukumwa, akaenda kulekule alikosukumiwa, yaani ukutani. "Kaka, mikono yako inanishika tu. Nisubiri nisikie uzito wako unahama, hapo nitajua tunakwenda wapi." Kisha akambadilisha, akamwongoza yule dada yeye mwenyewe, bwana harusi akitazama. Walimu wawili wangehitajika kwingine kufanya hivyo.

Jambo jingine nililolipenda ni kwamba anakataa. Maharusi huja na wimbo wa Bongo Fleva kwenye simu wakitaka wauchezee wolzi. Wolzi ya taratibu ina mapigo matatu kwa kila mzunguko, kiasi cha mapigo 84 hadi 90 kwa dakika. Nyimbo hizo karibu zote ni za mapigo manne. Mwalimu anapiga makofi juu ya wimbo mpaka mwenyewe usikie kwamba hesabu inakataa, halafu anakupa rumba. Hapo watu wa kwetu hujiamini, rumba si tunaijua? Tunaijua ya Kongo, ile ambayo UNESCO iliiorodhesha kwenye urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021. Hii ya ukumbini imepitia njia ya Kuba na Uingereza, na hatua yake inaanzia pigo la pili. Pigo la kwanza mguu umetulia, kiuno ndicho kinachomalizia kazi. Nimeona watu wazima wakitoka jasho kwa sababu ya hilo pigo moja.

Kuhusu vyeti: mwenyewe anakwambia siku ya kwanza kwamba hana. Kuna chama cha walimu wa dansi cha Uingereza, ISTD, kilichoanzishwa London mwaka 1904, chenye mitihani ya medali za shaba, fedha na dhahabu kwa wanafunzi, na madaraja yake kwa walimu. Yeye anafuata mpangilio huo lakini hajatahiniwa. Kwa harusi hilo halikuhusu hata kidogo. Ila kama una mtoto anayeota kushindana Blackpool, kule Uingereza wanakoshindana tangu 1920, jua kwamba mbele ya safari atahitaji mtu mwenye karatasi.

Sasa kasoro. Sakafu ni ya vigae, na viungio vyake vinakwaruza kisigino katikati ya mzunguko. Kwa kwikistepu, ambayo ni ya kurukaruka, mimi siwezi kuamini sakafu ile. Umeme ukikatika hakuna jenereta, mnacheza kwa kuhesabiwa. Feni ni moja, na iko upande wa mwalimu. Kipindi cha saa kumi na moja huanza saa kumi na moja na nusu, kwa sababu wanafunzi ndio wanaochelewa naye anawangoja. Mimi ningewaanzia wenzao.

Bei ni elfu kumi kwa kipindi, au elfu sabini kwa mwezi, mara mbili kwa wiki. Maharusi hulipa kama mtu mmoja na nusu. Kwa Mwanza si rahisi, lakini ukumbi wa harusi unalipiwa mamilioni na dakika nne za kwanza ndizo zinazorekodiwa na kila simu. Wateja wangu nawaambia waende wiki sita kabla, wasiende wiki ya mwisho kama wengi wanavyofanya. Vaa viatu vya soli ya ngozi, raba zinanata kwenye vigae. Na bibi harusi aende na viatu vyenye urefu uleule wa kisigino atakaouvaa siku yenyewe, maana mwalimu atauliza.